Friza ya Posa

Nyumbani kwetu Tandika, mume wangu ndiye mtunza nyaraka. Chochote kinachonunuliwa dukani kikaja na karatasi, karatasi hiyo huingia kwenye bahasha ya kaki, bahasha huingia kwenye sanduku la bati, na ufunguo wa sanduku haumtoki. Friza yetu ilikuja na karatasi ya waranti ya miaka miwili, na waranti ilikuja na sheria ya nyumba: fundi wa mtaani asiiguse. Nyuma ya friza kuna kibandiko cheupe chenye maandishi mekundu. Kikichanika, waranti imekufa, na aliyekichana ajiandae kujieleza.

Mimi sikuwa na ugomvi na sheria hiyo mpaka wiki ya posa. Kwenye friza ile ndimo hukaa barafu zangu za ukwaju na ubuyu ninazowauzia watoto wa shule, na wiki hiyo ilikuwa na mgeni mwenye cheo: nguru mzima aliyeletwa na mama mkwe kutoka Pangani, kafungwa kwenye kiroba na barafu, kasafiri kwenye buti la basi. Jumamosi walikuwa wanakuja watu wa Bagamoyo kumposa wifi yangu mdogo, na mama mkwe alishaapa kwamba hakuna mwanawe atakayeposwa kwa kuku wa kisasa.

Jumanne baada ya magharibi umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi kwa kishindo. Taa zikawaka, feni ikazunguka, friza ikasema "tak" na kunyamaza. Baada ya dakika chache ikajaribu tena: ikanguruma kidogo, tak, kimya.

"Mtu asiiguse!" mume wangu akapiga ukelele, akaenda chumbani kufungua sanduku.

Namba ya huduma kwa wateja ya kampuni ile tulikuwa tunaijua. Zamani ukipiga unabonyeza moja, unabonyeza tatu, unapigiwa muziki mpaka salio linakuonea huruma, halafu anapokea kijana aliyechoka anayekuuliza "unasemaje?" kama vile umemkuta chooni. Safari hii hapakuwa na muziki. Ilipokea sauti ya binti, laini, isiyo na haraka: "Karibu. Mimi ni msaidizi wa kidijitali. Nieleze tatizo lako kwa maneno yako mwenyewe."

Maneno ya mume wangu mwenyewe yalikuwa namba ya friza, namba ya risiti, tarehe ya kununua na kifungu cha pili cha masharti. Sauti ikamsikiliza yote, ikampa pole kwa usumbufu alioupata. Akasema hataki pole, anataka fundi. Ikasema inaelewa, na pole sana. Akapandisha sauti. Ikampa pole nyingine. Nimekaa na mume wangu miaka mingi, najua anavyogomba: anahitaji mtu wa upande wa pili akasirike kidogo, ndipo na yeye apate pa kushukia. Hapa hakupata ngazi. Mwisho akaambiwa achomoe plagi, asubiri dakika kumi, achomeke tena. Akakaa na saa mkononi, akahesabu, akachomeka. Tak. Akaichomoa kwa hasira, akaiacha hivyo hivyo, akaenda kulala bila kula.

Mama mkwe alikuwa mkekani na tasbihi yake muda wote huo. Akanyoosha mkono. "Nipigieni mie huyo mtoto."

Tukampigia kwa simu yake mwenyewe. Sauti ikamkaribisha na kumwomba aeleze tatizo.

"Sijasikia shikamoo," akasema mama mkwe.

Kimya kidogo. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Wa nyumbani kwenu hawajambo?"

"Sijambo mama, asante. Nikusaidie nini leo?"

Hapo wakawa ndugu. Mama mkwe akatupungia mkono tutoke. Mimi na mtoto wa shemeji yangu, anayesoma sheria Mlimani na kulala sebuleni kwetu, tukatoka kwenda uani. Kijana akaanza kucheka. Alikuwa amesoma habari za Joseph Weizenbaum, mwalimu wa chuo cha MIT kule Marekani, ambaye mwaka 1966 alitangaza programu yake iitwayo ELIZA. Ilikuwa ya kuandikiana tu, haina sauti wala akili ya kusifiwa. Inachofanya ni kuchukua maneno yako na kukurudishia kwa umbo la swali, mithili ya daktari wa mambo ya moyoni. Katibu muhtasi wake alikuwa amemwona akiitengeneza kwa miezi, anajua fika kwamba ndani hamna mtu. Siku alipoijaribu, baada ya maneno machache akamwomba Weizenbaum atoke chumbani. Weizenbaum alishtuka kiasi kwamba maisha yake yaliyobaki aliyatumia kuwaonya watu. Mama mkwe yeye hakuwa na habari za Weizenbaum, na alijua vilevile kwamba ile ni mashine, maana ilikuwa imejitaja. Alitaka faragha tu, maana alikuwa anakwenda kubembeleza, na mwanamke wa Pangani habembelezi mbele ya mkwewe.

Lakini sebule yetu ina pazia, haina mlango, na tuliyasikia yote. Alianza na safari ya nguru, akapita kwa marehemu baba mkwe, akagusia tabia za watu wa Bagamoyo. Na kila alipofika mahali, binti wa simu alisema "enhee." Hiyo enhee ndiyo iliyomnasa. Nakumbuka mwaka 2018, Sundar Pichai wa Google alipanda jukwaani na kuwasikilizisha watu simu ya mashine yao, Duplex, ikiweka miadi saluni; katikati ya maongezi ikaguna kidogo, na ukumbi mzima ukacheka na kupiga makofi. Baada ya siku chache makofi yakageuka manung'uniko, Google ikalazimika kuahidi kwamba mashine itajitambulisha ikipiga. Kujitambulisha ni vizuri, ila kwa mama mkwe enhee moja iliyokaa mahali pake ilishinda utambulisho wote.

Kijana akanieleza kwa mnong'ono mambo yanavyokwenda humo ndani. Kwa kawaida kuna kazi tatu: ya kwanza kugeuza sauti yako kuwa maandishi, ya pili kutunga jibu kwa kukadiria maneno yanayofaa kufuata, ya tatu kulisoma jibu kwa sauti. Panapoisumbua ni kujua kama umemaliza kusema. Haikuoni uso, haioni kama bado umeinua kidole. Inapima kimya tu. Ukinyamaza kidogo, inaingia. Ikisikia kelele wakati inasema, inadhani umeikatiza, inakuachia nafasi.

Sasa mama mkwe husema kwa vituo. Anasema maneno matatu, anapitisha punje ya tasbihi, anaendelea. Na jogoo wa jirani, tangu umeme uanze kukatikakatika amepoteza saa. Taa ikirudi usiku yeye anawika. Kwa hiyo mazungumzo yalikwenda hivi:

"Basi mwanangu, nyie mtaniletea..."

"Ndiyo mama."

"...nyengine mpya..."

"Ndiyo mama, naelewa. Ombi lako la..." Kokoriko! "Samahani mama, endelea."

"...kabla ya Jumamosi wageni hawajafika."

"Ndiyo mama. Ombi lako la kubadilishiwa friza limepokelewa. Friza mpya italetwa Jumamosi asubuhi. Je, kuna jambo lingine?"

"Hapana. Msalimie mama yako."

Akatoka uani anang'aa uso. "Nimepewa friza."

Mume wangu, ambaye kumbe hakulala, akauliza kutoka dirishani: "Nani kakupa?"

"Binti."

"Binti gani?"

"Wa kwenye simu. Wewe si ulimfokea."

Jumatano mume wangu akaenda kazini, mimi nikafungua friza. Maji ya ukwaju yalikuwa yametiririka mpaka chini, na nguru alikuwa ameanza kulegea. Mama mkwe akambonyeza jichoni kwa kidole cha shahada, akakinusa kidole, akanitazama. "Mwanangu, hebu niambie. Jumamosi wageni tutawapikia karatasi?"

Fundi friji ana kibanda njia panda, hatua chache tu. Alikuja na bisibisi moja na waya wa kupimia. Hakuuliza maswali. Aliichomeka, akaisikiliza ikisema tak, akaichomoa, akaigeuza. Kibandiko kikajitokeza: USIFUNGUE. Akakitazama, akanitazama mimi, akamtazama mama mkwe. Mama mkwe alikuwa ameshika kisu cha kuparia samaki. Akainama, akakipitisha kisu katikati ya kibandiko kwa mstari mmoja ulionyooka, akarudi kwa nguru wake.

Tatizo lilikuwa kidubwasha cheusi kilichobanwa ubavuni mwa kompresa, kidogo kuliko kiberiti. Fundi akakichomoa, akakitikisa sikioni kwangu, kikalia chakachaka. "Rilei. Imeungua, ndani imemeguka. Umeme ukirudi kwa nguvu hii ndiyo inakufa kwanza. Kompresa nzima kabisa." Akaenda kibandani, akarudi na rilei iliyotolewa kwenye friji lililokufa, akaipachika. Friza ikanguruma, safari hii haikunyamaza. "Hii nimewaazima tu," akasema. "Mkipata hela nitawanunulia mpya, yangu mtanirudishia." Tukamwalika Jumamosi aje kula.

Jioni mume wangu aliingia, akasimama jikoni na begi lake begani. "Imewaka yenyewe?"

Mimi nikakoroga mchuzi. Mama mkwe, bila kuinua macho, akasema: "Si uliichomoa?"

Na kweli aliichomoa. Akaanza kutembea huku na huku, akapata maelezo: kumbe dakika kumi hazitoshi, inataka usiku mzima. Alhamisi barazani maelezo yalikuwa yameshakua. Kampuni imeirekebisha kwa mbali, kupitia mtandao, ndiyo maana walihitaji namba ya friza. Ijumaa, mzee wa nyumba ya tatu alikuja kuomba namba ya kampuni, pasi yake imegoma.

Ijumaa hiyohiyo, kwenye chakula cha usiku, ukazuka mjadala wa ahadi. Mume wangu alisema friza imepona, kwa hiyo mama aisahau hiyo mpya. Isitoshe kilichoahidi ni mashine, na mashine haina mamlaka. Mtoto wa shemeji akaweka tonge chini. Akatuhadithia kesi ya Kanada. Abiria mmoja alifiwa na bibi yake mwaka 2022, akaingia kwenye tovuti ya shirika la ndege la Air Canada, akamuuliza msaidizi wa maandishi wa mashine kuhusu nauli ya wafiwa. Mashine ikamwambia anunue tiketi kwa bei ya kawaida, halafu aombe punguzo ndani ya siku 90. Akafanya hivyo. Shirika likakataa, likasema sera yao imeandikwa ukurasa mwingine, na ombi la baadaye halikubaliwi. Mbele ya baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia likatoa hoja ya ajabu: kwamba msaidizi yule ni kitu kinachojitegemea, kinabeba dhamana ya maneno yake chenyewe. Februari 2024 baraza likaitupa hoja hiyo, likasema tovuti ni ya shirika na kila kilichomo ni cha shirika, likaamuru abiria alipwe. Jumla ilifika kama dola 812 za Kanada.

"Na hapa kwetu," kijana akamalizia, "kuna Tume ya Ushindani. Mlaji ana pa kulalamikia."

Mama mkwe alisikiliza kwa makini. "Huyo alifiwa na bibi ndiyo akalipwa," akasema. "Mie ndiye bibi mwenyewe na ni mzima. Kwa hiyo mpaka nife?"

Nilicheka, lakini ile hoja ya shirika la ndege ilinikaa. Yule kijana mchovu wa zamani, aliyekuuliza "unasemaje," ukimbana unamuuliza jina. Akikuahidi Jumatatu, Jumatatu unapiga unasema fulani aliniambia, na fulani anatafutwa, anaulizwa. Alikuwa anajibu vibaya kwa sababu alijua ataulizwa. Binti wetu wa sauti laini anasema ndiyo kwa watu wote wa Dar es Salaam kwa wakati mmoja, na hakuna hata mmoja ndani ya jengo lile atakayeulizwa kwa nini alisema ndiyo. Mimi na watu wakali nimezoea kuishi nao. Mtu asiye na pa kushikwa ndiye ananitia wasiwasi.

Jumamosi ikaingia. Turubai uani, viti vya kukodi, nguru nusu amekaangwa, nusu wa nazi, pilau kwenye sufuria la shughuli. Watu wa Bagamoyo walifika wamevaa kanzu zilizopigwa pasi zikasimama. Mshenga wao alikuwa mzee mfupi mwenye sauti ya kunong'ona, wa aina ile inayokufanya usogeze kiti. Fundi friji naye alikuja kapendeza, kakaa nyuma karibu na pilau. Kabla shughuli haijaanza, mume wangu akawahadithia wakwe watarajiwa muujiza wa friza iliyopona kwa simu. Wakatikisa vichwa. Mzee mmoja akasema dunia imekwisha.

Mshenga akakohoa, akaanza: tumekuja tukiwa na shida... Nje ikalia honi. Kirikuu imesimama mlangoni, na juu yake friza mpya imefungwa kamba, nailoni inameta. Majirani waliokuwa wanachungulia wakadhani ni mahari, wakapiga vigelegele. Watu wa Bagamoyo wakatazamana wao kwa wao, kila mmoja akitafuta nani kaileta bila kushauriana.

Dereva akaingia na simu mkononi. "Oda ya kubadilisha. Nashusha mpya, nabeba ya zamani mbovu, kibandiko cha nyuma kiwe kizima."

"Ya zamani si mbovu," mume wangu akasema. "Imepona."

"Sasa mbona mmeagiza?"

Mume wangu akavuta pumzi. Lakini kwa kuwa ni mtu wa nyaraka akaongeza, kwa fahari: "Kibandiko kipo. Nyumba hii hakuna mtu anayegusa kitu chenye waranti." Akamwongoza dereva jikoni. Mshenga akafuata, na wazee wawili, na mimi nyuma yao nikiomba umeme ukatike.

Wakaigeuza friza. Kibandiko kilikuwa kimekatwa katikati, mstari umenyooka, na juu yake, pale kwenye neno USIFUNGUE, limekaukia gamba moja la nguru.

Mume wangu akalitazama lile gamba. Akamtazama mama yake mlangoni. Mtu hamgombezi mama yake mbele ya wakwe. "Panya," akasema.

"Panya wa Dar wanakata kwa rula," mshenga akanong'ona.

Dereva akasema hashushi. Akasema hana uamuzi, ngoja aulize kazini. Akapiga, akaweka spika, na jikoni kukajaa sauti tunayoijua: "Karibu. Mimi ni msaidizi wa kidijitali."

"Hata nyie mnampigia huyuhuyu?" nikauliza.

"Sote tunampigia huyu," akasema dereva kwa unyonge. Akaeleza. Akajibiwa kwamba kibandiko kikiwa kimechanika, friza haishushwi, na pole kwa usumbufu. Wakati huo mama mkwe alishapiga kwa simu yake. Nayo ikasema, kwa sauti ileile: "Ndiyo mama. Friza yako mpya iko njiani, itashushwa leo."

"Sasa nimsikilize yupi?" dereva akauliza.

"Wakutanisheni," akasema mama mkwe. Akamnyang'anya dereva simu, akaiweka ikatazamana na yake juu ya mfuniko wa sufuria.

"Nikusaidie nini leo?" ikauliza moja.

"Naelewa. Nikusaidie nini leo?" ikajibu nyingine.

"Pole sana kwa usumbufu."

"Pole sana. Tafadhali endelea."

"Enhee."

Wazee wa Bagamoyo walisikiliza kwa adabu, kwa sababu hawakuwa na hakika kama hiyo ni sehemu ya posa. Jogoo akawika; zote mbili zikanyamaza, zikaombana radhi, zikaanza upya.

Mshenga ndiye aliyezikata. Akamgeukia dereva. "Kijana, mzigo huu kakupakilia nani?"

"Msimamizi wa stoo."

"Ana simu?"

"Anayo mzee, ila anafoka."

"Mpigie huyo."

Msimamizi wa stoo alipokea kwa kufoka kweli. Alifoka kwamba yeye hakuidhinisha kitu, kaona oda kwenye mfumo akapakia. Alifoka kuhusu kibandiko. Mshenga akamwacha mpaka pumzi zikamwishia, kisha akamweleza kwa mnong'ono kwamba kuna posa, kuna wazee wamesimama jikoni, na bibi wa watu kaahidiwa. Upande wa pili pakawa kimya, kimya cha mtu anayefikiri. Akauliza: ikirudi hiyo mpya, nani atajaza fomu za kuirudisha stoo? Dereva akasema ni yeye, msimamizi. Akafoka mara ya mwisho: "Shusha! Leta hilo kopo lao. Habari ya kibandiko nitaandika mwenyewe." Akataja jina lake, na mume wangu akaliandika nyuma ya karatasi ya waranti.

Posa ilikubaliwa kabla ya adhuhuri. Tukala, friza mpya ikaingia ndani, ya zamani ikatolewa na vijana wanne, ikapita katikati ya wageni kuelekea kirikuu. Hapo ndipo fundi akanyanyuka kwenye sahani yake. Akanawa mikono taratibu, akatoa bisibisi mfukoni mwa kanzu, akawaambia vijana waitue kidogo. Akachutama nyuma yake, akazungusha, akatoka na rilei yake, akaifunga kwenye leso.

"We mzee!" dereva akaruka. "Sasa si haitawaka?"

"Kwani oda imeandikwaje?" fundi akamuuliza. "Si mbovu?"